Petroli Kama Ilivyouzwa

Injini iliwaka saa nne na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, na watu arobaini waliojazana ndani ya Nyumba ya Injini, makumbusho ya pale Makambako, wakashangilia kama walioona mvua baada ya ukame. Kwa miaka sabini sauti ya namna ile haikuwa imesikika popote. Pikapu nyekundu iliyokuwa imekaa juu ya mawe tangu babu zao wakiwa vijana ilitetemeka, ikakohoa, ikatoa moshi mzito wa kijivu, kisha ikaanza kugonga: ta-ta-ta, ta-ta, ta-ta-ta. Mafundi wakakumbatiana, na wengine wakaanza kuuigiza mlio huo kwa midomo ili wasiusahau.

Leokadia Mligo alilia waziwazi wala hakujificha. Petroli iliyokuwa ikiungua mle ndani ilikuwa kazi ya mikono yake. Kwa miaka sita alikuwa amefuga chachu ndani ya mapipa ya kioo, akiilisha mabua ya mahindi yaliyosagwa, mpaka siku chachu ile ilipokubali kutoa jasho la petroli badala ya pombe. Dunia nzima ilikuwa imeruhusu lita mia moja tu, mara moja tu, kwa ajili ya kumbukumbu ya miaka sabini tangu pampu ya mwisho ifungwe. Jumamosi gari lingeendeshwa kilomita kumi na mbili mbele ya watu, na baada ya hapo chachu yote ingechomwa moto.

Mtu mmoja tu hakushangilia. Bibi Skola Nyalusi, mwenye miaka themanini na tisa, alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, kofia ya sufu kichwani na mikono juu ya fimbo. Ndiye angeendesha Jumamosi, kwa kuwa katika mkoa mzima hakubaki mwingine aliyewahi kushika usukani wa gari la petroli. Aliitegea sikio injini kama mama anayesikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi.

"Zima," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akanyanyua fimbo, akaigonga bodi ya gari mara mbili.

"Zimeni hiyo gari kabla hamjaiua."

Fundi akazima. Leokadia aliinama mbele yake, akamuuliza kwa adabu kama kuna kilichomsumbua, pengine moshi. Bibi Skola akajibu kwamba moshi alioanza kuuvuta akiwa na miaka kumi na saba hauwezi kumsumbua leo. Kilichomsumbua ni mlio. Injini nzima haigongi, alisema, injini nzima inanguruma mfululizo mpaka unasahau kwamba ipo. Kisha akaomba apelekwe kwenye chumba cha mapipa, yeye na Leokadia peke yao, na apewe kipande cha karatasi nyeupe.

*

Bibi alidondosha tone moja la petroli katikati ya karatasi, akaipepea kidogo, kisha wakasubiri.

"Petroli ni mgeni mstaarabu," alisema. "Inafika, inasalimia, inaondoka. Haiachi kitu."

Baada ya dakika mbili tone lilikuwa limekauka, lakini pale lilipokaa palibaki doa la mafuta lenye ukubwa wa shilingi, na ukilielekeza kwenye mwanga unaona upande wa pili. Bibi Skola akacheka hadi akakohoa.

"Hii imechakachuliwa, mjukuu wangu. Ina mafuta ya taa."

Neno hilo Leokadia alilijua, ila kwa habari za mitihani na kura. Alikaa juu ya ndoo. Haikuwezekana, alieleza, na akaanza kuhesabu sababu kwa haraka kama mtu anayejitetea barazani. Petroli haikuwahi kuwa kitu kimoja. Ilikuwa mchanganyiko wa vitu mamia, ukibadilika kila kiwanda na kila msimu, na vitabu vya zamani vilitaja mipaka yake tu, havikutaja mapishi. Sampuli zote zilizobaki duniani zilikuwa zimechacha au zimevuja, isipokuwa moja: chupa ya ushahidi ya kituo cha mafuta cha Mligo, iliyozibwa kwa moto kwenye shingo yake siku ileile ya mwisho na kusainiwa na mwenye kituo, Eusebi Mligo. Sheria ya wakati huo ilimtaka kila muuzaji aweke chupa kama hiyo kwa ajili ya mkaguzi. Mashine waliyoiita Pua ilikuwa imeinusa chupa hiyo chembe kwa chembe, na chachu ikafundishwa kutokana na ilichokinusa.

"Pua yenu imenusa vizuri," Bibi Skola alisema. "Imenusa kilichokuwemo."

Eusebi Mligo alikuwa babu yake mzaa baba. Jina lake lilikuwa limechongwa juu ya mlango wa ile nyumba: Eusebi Mligo, Muuza Mafuta Mwaminifu. Tena kulikuwa na jambo lingine, dogo lakini linalochoma. Pua ilipoonyesha kwamba petroli ya Makambako ilikuwa na uzito usio wa kawaida, Leokadia aliandika tasnifu nzima kueleza kwamba hiyo ilikuwa petroli maalumu ya Nyanda za Juu, iliyotengenezwa nzito ili kuhimili baridi. Tasnifu hiyo ilimpa udaktari na nishani.

"Kuhimili baridi," Bibi Skola alirudia alipoambiwa, akifuta machozi ya kicheko. "Mama wee. Petroli nzito kwenye baridi haiwaki kabisa. Tulikuwa tunasukuma magari mpaka mabega yanavimba."

Leokadia alimuuliza nani aliyechanganya. Safari hii Bibi hakucheka.

"Babu yako alimimina. Mimi nilishika ndoo."

Alieleza kwa ufupi. Mafuta ya taa yalifanywa rahisi kwa ajili ya koroboi za maskini, na petroli ilikuwa ghali, basi pengo hilo likawapa watu akili mbaya. Ndoo moja ya mafuta ya taa kwa ndoo tatu za petroli, gari linatembea na mwenye gari hajui, mpaka injini inapogonga kijiji cha mbele. Hata pikapu hii, alisema, haitafika kilomita kumi na mbili. Kwenye mlima wa pili pistoni itatoboka, na injini ya mwisho duniani inayoweza kuwaka itakuwa chuma cha kufulia majembe.

*

Baba yake Leokadia, Mzee Benedikti, alisikiliza yote akiwa sebuleni kwake, mikono imefungana. Alikuwa na miaka sita pampu ya mwisho ilipofungwa na nane baba yake alipofariki, na tangu hapo alikuwa ameishi kama mlinzi wa jina. Watoto wa mjini walifundishwa habari za Eusebi shuleni. Wafanyabiashara waliapa kwa jina lake.

"Mama," alimwambia binti yake, kwa upole wa mtu anayejizuia, "marehemu hajitetei. Wewe unataka kumsimamisha kizimbani kwa doa la karatasi."

Leokadia alimwambia kwamba kesho saa sita mchana mkaguzi wa Baraza la Kumbukumbu za Nishati angetia lakiri, muhuri wa nta, kwenye mapishi. Baada ya lakiri hakuna atakayeruhusiwa tena kutengeneza petroli wala kuirekebisha. Kilichoandikwa kesho ndicho ambacho watu wa miaka elfu ijayo wataambiwa, kwamba hiki ndicho kilichoendesha magari ya babu zenu. Na injini ingekufa.

Mzee Benedikti akajibu kwamba injini ni chuma. Siku moja ya furaha ingetosha, ikifa ife kwa heshima, na nani angejua? Mtu mmoja, bibi wa miaka tisini ambaye watu wangesema amechanganyikiwa. Kisha akamgusa pale alipojua panauma, akamuuliza kama yuko tayari kurudisha na nishani.

Leokadia aliondoka pale. Ukweli ni kwamba hakuwa tayari. Alitembea mpaka kwenye Nyumba ya Injini, akasimama mbele ya pikapu, akaweka kiganja juu ya boneti, ambayo ilikuwa bado na uvuguvugu. Alikumbuka jinsi watu arobaini walivyoruka kwa furaha kwa kusikia mlio wa injini inayoumwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikia iliyo nzima, na yeye ndiye aliyewafundisha kwamba huo ndio uzima. Hilo lilimuuma kuliko nishani.

Ndipo akakumbuka kitu alichokuwa akikifundisha kila mwaka bila kukifikiria. Kabla ya magari, petroli ilikuwa uchafu. Wenye viwanda vya kwanza walikuwa wakichemsha mafuta ghafi wakitafuta mafuta ya taa tu, maana dunia ilikuwa ikilia gizani. Kile chepesi kilichotangulia kupanda kwa mvuke, kinachowaka ovyo na kulipua nyumba za watu, walikimwaga mitoni. Kidogo kiliuzwa kwenye chupa ndogo madukani mwa dawa, kwa ajili ya kutoa madoa kwenye nguo, na wenye magari ya kwanza walikuwa wakisimama kwenye maduka hayo kununua mafuta ya safari. Miaka ikapita, meza ikageuka, taka ikawa mfalme. Baadaye wakamtia madini ya risasi ili injini zisigonge, ikawachukua watu miaka mingi kukubali kwamba risasi hiyo inawatia sumu watoto wao.

Kile chepesi hutangulia kupanda. Leokadia alirudia maneno hayo kwa sauti, peke yake. Kutengeneza petroli upya kungechukua siku tisa, na hakuwa nazo. Lakini lita tisini na nane zilizobaki zilikuwa na petroli nzuri ndani yake, imechanganywa tu na jirani yake mzito. Hakuhitaji kuifundisha chachu upya. Alihitaji chungu, moto mdogo usio na mwali, na bomba refu la kupoza. Alianza kucheka mwenyewe kama mwehu, na akakimbia kuangalia kama mitungi ya shaba ya maonyesho bado haijatoboka.

*

Ijumaa kabla ya saa sita ukumbi ulijaa. Mkaguzi, Dokta Nuhu Kidiku, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alikuwa ameshaweka nta na muhuri mezani. Mzee Benedikti alikaa safu ya kwanza, amevaa koti lake la harusi. Leokadia alisimama, akashika karatasi yenye doa, akasema yote. Hakupamba. Alisema petroli imechakachuliwa, tasnifu yake ni makosa toka ukurasa wa kwanza, na aliyechakachua ni babu yake.

Ukumbi ulivuma. Mzee Benedikti akasimama, uso umemwiva kwa hasira, akasema mwanawe amechoka kwa kazi na hajui anenalo. Bibi Skola akasimama pia, taratibu, fimbo kwanza, magoti baadaye.

"Benedikti, kaa. Mficha uchi hazai. Kuna jambo sijamwambia hata huyu mtoto."

Akaeleza kwamba wauzaji wote waliochakachua walikuwa na dawa yao. Kwenye stoo kulikuwa na dumu dogo la petroli safi, halikuuzwa wala halikuguswa, kazi yake ni kujaza chupa ya mkaguzi. Wateja walipewa ya tanki, chupa ikapewa ya dumu. Ndiyo maana chupa za ushahidi za nchi nzima zilikuwa safi kama maji ya chemchemi, na magari yaliendelea kufa. Siku ya mwisho kabisa, yeye Skola, msichana wa miaka kumi na tisa, alimletea mwajiri wake dumu hilo kama kawaida.

"Alilitazama muda mrefu. Akaniambia nilirudishe. Akaenda akajaza chupa kwenye pampu, mimi naona kwa macho yangu, akaiziba shingo kwa moto, akatia saini. Nilimwuliza kwa nini, watamfunga. Akasema, 'Skola, nimewadanganya wateja miaka kumi na moja. Chupa hii sitaidanganya.'"

Mkaguzi hakuja tena baada ya siku ile, alimalizia, kwa kuwa kazi ya ukaguzi ilifungwa pamoja na pampu. Chupa ikakaa rafuni, watu wakaisoma saini na kudhani ni ya mtu msafi.

Mzee Benedikti alikaa.

Dokta Kidiku alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema kibali chake kinaruhusu lita mia moja na kinaisha Jumamosi jua likizama. Hakikutaja kwamba lita zote lazima zitumike, wala hakikukataza kuzichemsha. Angesubiri, alisema, na nta yake angeirudisha mfukoni mpaka kesho saa sita.

*

Yaliyofuata hayakuwa kazi, yalikuwa vita. Walifungua madirisha yote, wakazima kila kitu chenye cheche, wakavua viatu vyenye chuma. Maji ya moto yalizungushwa nje ya mitungi, kisha mafuta ya moto, joto likipandishwa hatua kwa hatua huku Leokadia akiwa hajabandua jicho kwenye kipimo. Mvuke ulipanda, ukapita kwenye bomba la shaba lililolazwa ndani ya maji ya baridi, na ulipotokea upande wa pili ukawa majimaji mepesi yanayometa. Tone la kwanza alilidondosha kwenye karatasi. Likafika, likasalimia, likaondoka. Karatasi ikabaki nyeupe, na mafundi wakaanza kuruka juu chini bila viatu.

Jumamosi saa tano unusu walikuwa wamepata lita sabini na moja. Chini ya mitungi zilibaki lita ishirini na kitu za mafuta ya taa, manjano kidogo, yametulia kana kwamba hayakuhusika na lolote.

Mji mzima ulikuwa nje, kuanzia njia panda hadi mlima wa pili. Bibi Skola alipandishwa kwenye pikapu, akavuta kiti mbele, akakanyaga klachi mara tatu kuijaribu. Kisha akatazama kando ya barabara, akamwona Mzee Benedikti amesimama peke yake.

"Panda," alimwambia. "Babako aliwahi kukupakata hapahapa ukamkojolea."

Watu wakacheka, na mzee wa miaka sabini na sita akapanda bila kubisha.

Ufunguo ukageuzwa. Injini ilikohoa mara moja tu, kisha ikashika. Haikugonga. Ilinguruma kwa sauti nene iliyonyooka, ikitoka chini ya ardhi na kupanda kwenye nyayo za watu hadi kifuani, na kila mmoja pale, hata ambaye hajui plagi wala kabureta, alijua kwamba hii ndiyo sauti yenyewe na ile ya Alhamisi ilikuwa ugonjwa. Bibi Skola akaachia klachi, pikapu ikaruka mbele, na ule umati ukatoa sauti ambayo Leokadia hakuwahi kuisikia kwa binadamu. Alikimbia nyuma ya gari mita mia, nywele zimemfumuka, akipiga makofi kama mtoto, mpaka pumzi ikamwishia. Huko mlimani waliliona gari likipanda wa kwanza, likashuka, likapanda wa pili, na halikupunguza mwendo.

*

Waliporudi, Mzee Benedikti alimfuata binti yake kwenye chumba cha mapipa. Dokta Kidiku alikuwa ameweka mezani vichupa viwili, kimoja cha petroli safi na kingine cha ule mchanganyiko wa kwanza, akiuliza kipi kitiwe lakiri na kwa jina gani.

Mzee aliomba anuse. Alikinusa kile safi, akatikisa kichwa, akakirudisha. Kikali tu, alisema, hakimwambii kitu. Akachukua cha pili, akakileta karibu na pua, akafumba macho.

"Huyu hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu ndiye baba. Alikuwa akirudi jioni, ananibeba, shati lake linanukia hivi. Nimeitafuta harufu hii miaka yote."

Leokadia alimshika bega. Kisha akavuta karatasi mbili, akaandika mapishi mawili badala ya moja, na Dokta Kidiku akayeyusha nta ya kutosha yote mawili. Ya kwanza aliyaita petroli tu. Kwenye ya pili aliandika kwa herufi kubwa: Petroli, kama ilivyouzwa Makambako. Shahidi, E. Mligo.

Baba yake alisoma, akaomba ngazi na patasi. Alipanda mwenyewe juu ya mlango wa Nyumba ya Injini, na mji wote ukimtazama akalikwangua neno Mwaminifu mpaka likaisha. Alipomaliza hakushuka. Mahali pale palipokwanguliwa, kwa mkono wake usiozoea kuchonga, akaandika: Alisaini.